Ngao ya bure ya Cloudflare mbele ya seva ndogo: inafaa, ukifunga mlango wa nyuma

Nianze na hukumu, kwa kuwa anayesoma tathmini kama hii mara nyingi seva yake iko hoi sasa hivi. Ngao ya bure ya Cloudflare, kampuni inayopokea maombi ya wageni wa tovuti yako na kuchuja mashambulizi kabla hayajafika kwenye seva, inafaa. Kama una tovuti ya kawaida yenye kurasa, picha na kisanduku cha kutafutia, na huna bajeti ya kulipia ulinzi, iweke leo. Lakini jua kwamba inakufanyia nusu ya kazi. Nusu ya pili ni yako, inafanyika kwenye seva yako mwenyewe, na karibu kila ninayemsikia akisema "niliiweka na bado nikaangushwa" ameiacha nusu hiyo bila kuigusa.

Ninatunza seva ya kamusi ya mtandaoni inayoendeshwa kwa kujitolea. Ni seva moja ya kukodi: kori nne, kumbukumbu ya gigabaiti 8, laini ya gigabiti 1 kwa sekunde, Nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti) mbele na PostgreSQL (hifadhidata) nyuma. Wanaoitumia ni wanafunzi, walimu na wafasiri, na wengi wao wanaingia kwa simu. Hatuuzi kitu na hatugombani na mtu. Hilo halikutukinga. Kuna huduma za kukodisha mashambulizi ambazo mtu asiye na ujuzi wowote analipa, anaandika jina la tovuti, anabonyeza, basi. Desemba 2018 serikali ya Marekani ilitwaa vikoa 15 vya huduma hizo, Desemba 2022 ikatwaa vingine 48, na bado zipo. Kwa hiyo ukiniuliza nani atajisumbua kushambulia kamusi, nitakujibu kwamba usumbufu wenyewe umekwisha kuondolewa.

Ili kuipima ngao yoyote kwa haki, lazima ujue inapambana na nini, maana mashambulizi ya kunyima huduma hayafanani. Yapo ya kujaza laini, yapo ya kujaza meza za kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji, kinachoorodhesha miunganisho), na yapo ya kuichosha programu yenyewe.

Ya kujaza laini ndiyo yanayotajwa kwenye habari. Tarehe 28 Februari 2018 GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, ilipigwa kwa terabiti 1.35 kwa sekunde. Mshambuliaji hakuwa na laini ya ukubwa huo. Alituma maombi madogo ya UDP (njia ya kutuma data bila kuunganishwa kwanza) kwa seva za memcached (programu ya kuhifadhi data kwa muda) zilizoachwa wazi kwenye intaneti, poti 11211, akighushi anwani ya mtumaji ili ionekane ni ya GitHub, na seva zile zikaijibu GitHub kwa data iliyoweza kuwa kubwa kuliko ombi hadi mara 51,000. Dawa ya kughushi anwani imeandikwa tangu Mei 2000, kwenye waraka RFC 2827, unaowataka watoa huduma za intaneti wakatae paketi (kifurushi cha data) inayotoka kwa mteja ikiwa na anwani isiyo yake. Mitandao ambayo haijautekeleza ipo hadi leo. Hilo linaniuma, kwa sababu gharama ya uzembe wao inalipwa na watu ambao si wateja wao.

Sasa chukua laini yangu ya gigabiti 1. Likija shambulio la gigabiti 10, ambalo kwa viwango vya leo ni dogo, paketi tisa kati ya kumi zinatupwa kabla hazijafika kwenye kadi ya mtandao ya seva, na katika hizo zinazotupwa zimo za wasomaji wangu. Naweza kuwa nimeandika sheria za nftables, fayawoli ya Linux, kwa ustadi wote nilio nao. Hazitanisaidia, maana msongamano uko nje ya mashine. Yaliyotukuta ndiyo haya. Kampuni tuliyokuwa tumekodi seva kwake wakati ule, ilipoona mafuriko, iliamuru ruta zake zitupe kila paketi inayokuja kwenye anwani yetu, njema na mbaya, kisha ikatutumia barua pepe ya mistari miwili kututaarifu. Naelewa kwa nini: wateja wengine kwenye swichi ile ile walikuwa wanaumia. Lakini kwa mwalimu aliyeniandikia "Ndugu, kamusi imefungwa?" shambulio lilikuwa limefaulu kabisa, na aliyelikamilisha ni kampuni tuliyokuwa tunailipa.

Hapo ndipo tulipohamia nyuma ya Cloudflare. Kuanza si kazi kubwa: unafungua akaunti, unabadilisha seva za majina za kikoa chako ziwe zao, na mbele ya rekodi zako za DNS (zinazogeuza jina la kikoa kuwa anwani ya seva) unaona wingu dogo. Likiwa la rangi ya chungwa, wageni wanapewa anwani ya Cloudflare na maombi yao yanapita huko. Likiwa la kijivu, wageni wanapewa anwani yako halisi na ngao haipo. Anwani hiyo ya Cloudflare inatangazwa kwa wakati mmoja kutoka miji zaidi ya 300, kwa hiyo boti (kompyuta inayoendeshwa na mshambuliaji) iliyoko bara moja inaangukia kwenye kituo kilicho karibu nayo, na iliyoko bara jingine inaangukia kwingine. Mafuriko hayakusanyiki mahali pamoja. Na kwa kuwa kinachopitishwa kuja kwako ni HTTP na HTTPS tu, takataka za UDP, majibu ya DNS ambayo hukuyaomba, NTP (huduma ya saa), memcached, vyote vinaishia huko huko.

Tangu Septemba 2017 kampuni hiyo haiweki kikomo cha ukubwa wa shambulio hata kwa asiyelipa chochote. Na uwezo upo kweli. Katikati ya Mei 2025 walizuia shambulio la terabiti 7.3 kwa sekunde lililoelekezwa kwa kampuni ya kukodisha seva: terabaiti 37.4 zilizomwagwa ndani ya sekunde 45. Rekodi hiyo imekwisha kuvunjwa tena tangu hapo. Fikiria sekunde 45. Hakuna msimamizi anayeweza hata kufungua kompyuta na kuingia kwenye seva kwa muda huo. Ulinzi unaosubiri binadamu abonyeze kitu umechelewa, na hii ndiyo sababu ninapenda kwamba kichujio chao cha ujazo kinafanya kazi muda wote bila kuwashwa. Upande huu naipa alama zote.

Ya meza nitayapita haraka, kwa kuwa ukiwa nyuma ya proksi, yaani seva ya kati kama hizo za Cloudflare, yanakuwa kazi yao. Mshambuliaji anaanzisha miunganisho ya TCP na haimalizii. Seva inaishikia nafasi kila mmoja mpaka nafasi zinaisha. Mwaka 1996 mtoa huduma za intaneti wa New York aitwaye Panix alishambuliwa hivyo, na mwaka huo huo Daniel J. Bernstein akabuni vidakuzi vya SYN, mbinu inayoifanya seva isihifadhi kitu chochote mpaka upande wa pili umethibitisha kwamba upo. Kerneli ya Linux inakuja na mbinu hiyo imewashwa, na siku ikitumika utaona kwenye logi mstari wenye maneno "Possible SYN flooding on port 443. Sending cookies." Ukiuona mstari huo huku tovuti iko nyuma ya Cloudflare, kuna mtu anaijua anwani yako halisi. Nitalirudia hilo, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote.

Aina ya tatu ndiyo iliyonifunza zaidi. Logi za Nginx zilijaa mistari ya namna hii:

GET /tafuta?q=wkqzjv
GET /tafuta?q=bxxoelr
GET /tafuta?q=ptdhmuq

Kila ombi lina herufi tofauti za kubahatisha, kwa hiyo kashe (hifadhi ya majibu yaliyokwisha kutolewa) haina jibu lake. Kila anwani inaomba mara moja au mbili kwa dakika, kisha inanyamaza. Kivinjari kinajitambulisha kama Chrome ya kawaida. Ukilitazama ombi moja peke yake, ni mtu amekosea tahajia. Yote kwa pamoja yalikuwa yanailazimisha PostgreSQL ipekue faharasa ya trigramu (vipande vya herufi tatu tatu) ikitafuta maneno yanayokaribiana na upuuzi ule, ili itoe pendekezo la "je, ulimaanisha". Kori zote nne zilikuwa zimejaa, na laini ilikuwa karibu tupu.

Shambulio la hivi halina ujazo wa kulifichua, na si haki kumtarajia mtu wa nje ajue kwamba ukurasa mmoja wa tovuti yako unagharimu hifadhidata mara mia kuliko mwingine. Wewe ndiye unayejua. Kinachopaswa kupimwa ni kama huduma inakupa mahali pa kusema unachokijua, na hapa ngazi ya bure inakupa sheria tano za kuandika mwenyewe na moja ya kuhesabu kasi. Si nyingi. Kwa tovuti moja zinatosha ukizitumia kwa akili. Sheria yetu ni hii:

http.request.uri.path eq "/tafuta" and not http.cookie contains "kms="

Yaani, anayekwenda kwenye ukurasa wa kutafutia bila kidakuzi chetu (alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari) asimamishwe kwanza. Kidakuzi hicho kinatolewa na ukurasa wa mwanzo na kurasa za maneno, na mtu anayetafuta neno amekwisha kufungua mmojawapo, kwa hiyo anacho. Boti zile zilikuwa zinaruka moja kwa moja kwenye /tafuta. Asiyekuwa nacho hafukuzwi. Anapewa changamoto ya kivinjari, na akiwa binadamu kwa kawaida anapita bila kubofya kitu. Mzigo wa hifadhidata ulishuka huku bado nikiitazama grafu. Mshambuliaji mwenye bidii angeweza kukighushi kidakuzi hicho, na dawa ya hapo ni kukitia saini upande wa seva. Waliotuandama hawakufika huko.

Jambo la pili ni kashe ya kurasa zenyewe. Cloudflare haihifadhi HTML isipoambiwa. Kwa kawaida inahifadhi picha, CSS, JavaScript na faili za namna hiyo tu. Watu wengi hawalijui hili, wanaona wingu la chungwa na kudhani kila kitu kimepumzishwa, kumbe kila ukurasa bado unaifikia seva. Ukurasa wa neno kwenye kamusi haubadiliki mara kwa mara, kwa hiyo niliandika kanuni ya kuuhifadhi kwa saa mbili. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya wasomaji wetu hawaigusi seva kabisa, shambulio liwepo au lisiwepo. Kama tovuti yako ni ya kusomwa zaidi kuliko ya kuandikwa, hii peke yake inatosha kukufanya ujiunge.

Kuna pia kitufe cha hali ya dharura, kinachomsimamisha kila mgeni kwa sekunde kadhaa huku kivinjari chake kikipimwa. Kinasaidia seva inapokufa na hujui ushike wapi. Nisingekiacha kimewashwa. Kipimo kinahitaji JavaScript, kwa hiyo simu ya zamani na msomaji aliyezima skripti wanaachwa nje, na programu ya simu inayoomba data kutoka kwenye API yako (mlango ambao programu huzungumza na seva) haiwezi kukijibu hata kidogo. Ukiwa na API, ipe kikoa kidogo chake na sheria zake kabla hujakigusa kitufe hicho.

Nisimame kidogo kwenye hili la kuwaumiza wasomaji, kwa kuwa tathmini nyingi za ulinzi huhesabu maombi yaliyozuiwa na hazimhesabu mtu aliyezuiwa kimakosa. Kampuni nyingi za simu hazina anwani za IPv4 za kumtosha kila mteja, kwa hiyo mamia ya watu, wakati mwingine maelfu, wanatoka kwenye intaneti kwa anwani moja. Shule nzima inaweza kuwa nyuma ya anwani moja pia. Mwalimu akisema "tafuteni neno hili", maombi arobaini yanakuja kwa mpigo kutoka mahali pamoja, na kwa kipimo cha kasi hiyo ni dalili ya shambulio. Ukiweka kikomo cha maombi machache kwa dakika kwa kila anwani, boti iliyotawanyika kwenye anwani elfu kumi haitaguswa, na darasa lile litafungiwa. Ndiyo maana sheria yetu inaangalia mwenendo, yaani umepitia wapi kabla ya kufika hapa, na kikomo cha kasi tumekiacha kilegee, kwenye Nginx:

limit_req_zone $binary_remote_addr zone=tafuta:10m rate=5r/s;

Kisha kwenye /tafuta tumeruhusu mlipuko wa maombi 40 bila kucheleweshwa, na anayezidi anapewa jibu la 429 badala ya 503 ambalo Nginx hulitoa isipoambiwa vinginevyo, ili programu za wateja zijue ni kasi iliyozidi na si seva iliyoharibika. Megabaiti 10 za eneo hilo zinatosha kukumbuka takriban anwani 80,000 kwenye mashine ya biti 64. Kwa wanaotumia IPv6, hesabu kwa kundi la /64 (anwani zenye nusu ya kwanza inayofanana), kwa sababu mtumiaji mmoja huwa na kundi zima na anaweza kubadilisha anwani kila ombi.

Mstari huo wa Nginx una sharti, na hapa tunaingia kwenye nusu ile ya pili. Ukiwa nyuma ya proksi, kila paketi inayofika kwako inatoka kwa Cloudflare. Usipoifundisha Nginx kusoma anwani ya mgeni kutoka kwenye kichwa cha CF-Connecting-IP (mstari wa maelezo ambao Cloudflare huuambatisha na ombi), kikomo chako kitawahesabu wageni wote kana kwamba ni watu wachache, na utawafungia wote pamoja. Wakati huo huo lazima kichwa hicho kiaminiwe pale tu ombi linapotoka kwenye anwani ambazo Cloudflare imezichapisha, la sivyo yeyote atajiandikia anwani anayoitaka. Fail2ban, programu inayozuia anwani zinazosumbua, nayo inabadilika. Ikisoma logi na kuiambia nftables izuie anwani ya mgeni, haitazuia kitu, kwa kuwa anwani hiyo haionekani tena kwenye paketi zinazofika. Lazima iagize kizuizi kwa API ya Cloudflare.

Hayo ni marekebisho. Lililo kubwa ni anwani halisi ya seva. Ngao hii inafanya kazi kwa sharti moja, kwamba mshambuliaji hajui seva ilipo. Akiijua, anaipiga moja kwa moja, na vituo vyote 300 vinabaki vinatazama upande mwingine. Na njia za kuijua ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna tovuti zinazotunza historia ya rekodi za DNS, kwa hiyo anwani uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga imeandikwa mahali. Kuna rekodi ya barua pepe: kama seva ile ile inapokea barua, rekodi yake haiwezi kupita kwenye proksi na inaitaja anwani waziwazi. Kuna kikoa kidogo cha majaribio kilichosahauliwa na wingu lake la kijivu. Kuna barua za "umesahau nenosiri" zinazotumwa na seva yenyewe, zenye anwani kwenye vichwa vyake. Na kuna Shodan na Censys, zinazozunguka anwani za IPv4 zote na kuandika kila cheti cha TLS (kitambulisho cha tovuti kwa ajili ya HTTPS) zinachokiona. Seva yako ikimwonyesha kila anayebisha hodi cheti chenye jina la kikoa chako, kuitafuta ni suala la kuandika jina kwenye kisanduku.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Tuliomba anwani mpya ya IP baada ya kuwasha wingu, si kabla. Barua pepe zikahamia kwenye huduma nyingine kabisa. Fayawoli ikaruhusu poti 443 kwa anwani za Cloudflare tu. Nginx ikawekewa seva ya msingi yenye ssl_reject_handshake, ili anayebisha kwa anwani tupu asipewe cheti chochote. Hata hapo pengo moja linabaki: mtu anaweza kufungua akaunti yake mwenyewe kwa Cloudflare na kuja kwako kupitia kwao, na fayawoli itampokea kwa kuwa anatoka kwenye anwani zinazoaminiwa. Hilo linazibwa kwa seva kudai cheti kutoka kwa Cloudflare kabla ya kuzungumza, na cheti hicho kiwe ulichokipakia wewe, si kile cha pamoja wanachotumia wateja wote.

Kama haya yanakuchosha kuyasoma, kuna njia fupi, na kwa anayeanza sasa ndiyo ninayoipendekeza: programu yao ya cloudflared. Inakaa kwenye seva yako na kufungua muunganisho kutoka ndani kwenda nje, kisha wageni wanaletwa kupitia huo. Hakuna poti ya wavuti inayobaki wazi. Imekuwa bure tangu Aprili 2021. Inakula kumbukumbu kidogo, inahitaji kusasishwa kama programu nyingine yoyote, na inaondoa karibu orodha yote niliyoitaja hapo juu, isipokuwa barua pepe, ambayo bado itakusaliti ukiiacha kwenye seva ile ile.

Sasa gharama, maana huduma isiyolipiwa fedha bado ina bei. Ya kwanza ni usiri. Ili kuchuja HTTPS lazima waifungue, kwa hiyo kila neno analotafuta msomaji na kila nenosiri analoandika linapita mikononi mwa Cloudflare likiwa wazi kabla ya kusimbwa tena kuja kwako. Kwa kamusi nimekubali. Kwa daftari la wagonjwa au mawasiliano ya watu wanaofuatiliwa, ningekaa chini na wahusika kwanza na kuwaeleza hivyo hivyo.

Ya pili ni kwamba wakianguka, unaanguka nao. Tarehe 2 Julai 2019 usemi mmoja wa kutambua maandishi, uliowekwa kwenye kichujio chao, ulimaliza nguvu za vichakataji vyao duniani kote kwa dakika 27. Tarehe 18 Novemba 2025 faili ya mfumo wao wa kutambua boti ilivimba kupita kikomo kilichowekwa kwenye programu, baada ya badiliko la ruhusa kwenye hifadhidata, na kwa saa kadhaa tovuti nyingi mno zikatoa makosa. Wenyewe mwanzoni walidhani wanashambuliwa. Ninachowaheshimu ni kwamba mara zote mbili walichapisha maelezo kamili ya kilichotokea, hadi kwenye mistari ya programu. Kwangu mimi hesabu bado iko upande wao, lakini ukichagua kuwa nyuma ya kampuni ambayo sehemu kubwa ya wavuti iko nyuma yake, uwe umechagua ukijua, na uwe na nakala ya rekodi zako za DNS mahali pengine.

Ya tatu ni mipaka ya ngazi ya bure. Faili inayopakiwa haiwezi kuzidi megabaiti 100 kwa ombi. Seva ya michezo, ya simu za intaneti, ya barua, au chochote kinachotumia UDP au TCP yake mwenyewe, hakipiti. Kwa hizo tafuta kampuni ya kukodisha seva yenye kichujio kwenye mtandao wake. OVH, kwa mfano, imekuwa ikijumuisha ulinzi huo kwenye seva zake kwa miaka mingi. Na kama kazi yako ni habari, haki za binadamu au uchaguzi, omba Project Shield ya Google au Project Galileo ya Cloudflare yenyewe kabla hujatulia kwenye ngazi ya bure. Zote mbili hazitozi, na Project Galileo inakupa zana ambazo wengine wanazilipia.

Usisahau pia kusasisha seva yako eti kwa sababu kuna ngao. Udhaifu wa HTTP/2 uliotangazwa tarehe 10 Oktoba 2023, CVE-2023-44487, ulimruhusu mshambuliaji kufungua ombi na kulifuta papo hapo, tena na tena kwenye muunganisho mmoja, na Google ilipima kilele cha maombi milioni 398 kwa sekunde. Cloudflare walikuwa miongoni mwa waliougundua na kuuziba upande wao. Seva iliyokuwa na mlango wa nyuma ilibaki na kazi ya kujiziba yenyewe.

Ukimaliza kuweka kila kitu, nenda kwenye mtandao mwingine, washa kompyuta isiyo na ruhusa yoyote maalumu, na utume ombi kwa anwani halisi ya seva ukitaja jina la kikoa chako:

curl -k --connect-timeout 10 --resolve kikoa-chako:443:anwani-halisi https://kikoa-chako/

Ombi linapaswa kusubiri sekunde kumi kisha likate tamaa bila jibu. Rudia kwa poti 80, na kwa anwani ya IPv6 ambayo wengi huisahau kwenye fayawoli. Ukirudishiwa ukurasa wako, au hata cheti chenye jina lako, bado uko wazi: rudi kwenye fayawoli kabla hujatangaza kwamba tovuti imehamia nyuma ya ngao.